Ua Nililong'oa Endarasha

Sababu ya safari yangu ilikuwa redio. Mwanzoni mwa miaka ya sabini redio haikuchoka kutukumbusha kwamba nchi sasa ni yetu, na kwamba ni aibu Mzungu kuijua kuliko sisi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa nimeuchora Mlima Kenya ubaoni, theluji nikiipaka kwa chaki, na mlima wenyewe sijauona hata kwa mbali. Basi likizo ya Aprili ilipofika nikatangaza nyumbani kwamba ninakwenda kuitembelea nchi yangu.

Mke wangu, Bi Rukia, hakunizuia. Yeye aliitembelea nchi yake kila siku mpaka sokoni na kurudi, tena na kikapu kizito, na hakuna redio iliyomsifu. Aliniomba kitu kimoja tu: ua la bara, pamoja na mizizi yake, alipande kwenye debe uani.

"Usininunulie," akasema. "La kununua hata sokoni Mwembe Tayari lipo. Nataka ulilochimba mwenyewe."

Kiganjo, alasiri. Treni ya Nanyuki ilinishusha hapo baada ya kutambaa kutoka Nairobi, ikisimama kila penye watu watatu na kuku. Nilikuwa nimevaa nguo zote nilizobeba, kwa hiyo mkoba wangu ulikuwa mwepesi. Kando ya barabara vijana wa chuo cha polisi walikuwa wakikimbia kwa kaptura huku wakitokwa na jasho, nami nimejifunga skafu kichwani kama mgonjwa wa meno. Nikatazama mashariki, ambako kwa mujibu wa ramani ya darasani palikuwa na mlima wa pili kwa urefu katika Afrika. Palikuwa na wingu.

Mjini Nyeri nilifikia mtaa wa Majengo, kwa Mzee Ramadhani, fundi cherehani aliyekuwa akijuana na marehemu baba yangu. Baba yake Ramadhani alikuwa askari wa kutoka Sudan, mama yake Mgikuyu wa Tetu, na yeye mwenyewe alizaliwa hatua chache kutoka msikitini na hakuona sababu ya kusogea. Siku mbili nilizunguka mji: soko lenye kabichi kubwa kuliko vichwa vya wanunuzi, maduka ya Wahindi, mitaa inayopanda na kushuka mpaka magoti yananiuliza kosa lao. Kila nikirudi Mzee Ramadhani aliniuliza kama nimeuona mlima, na kila mara nikasema hapana.

"Iko," alinifariji, mdomoni amebana pini. "Jana kabla hujafika ilionekana vizuri sana."

Nilipomwambia kwamba Jumanne nitakwenda Endarasha kutembea kwa miguu mpaka ukingoni mwa msitu wa Aberdare, alizitoa pini mdomoni.

"Kuna mtu unajua huko?"

"Hakuna."

"Unaenda kununua viazi?"

"La. Kutembea tu."

"Ati kutembea tu," akasema, akarudi kwenye cherehani yake kwa huzuni ya mtu aliyepata habari za ugonjwa.

Jumanne, Endarasha. Lori la kabichi lilinishusha kituoni asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo unanata, na baada ya nusu saa kila kiatu changu kilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Njia ilipita kati ya mashamba ambayo zamani yalikuwa ya mlowezi mmoja wa Kizungu na sasa yamegawanywa kwa watu wengi: viazi, pareto, ng'ombe wachache, nyumba za mbao zenye moshi. Kila niliyekutana naye aliniuliza ninakwenda wapi, na jibu langu halikumridhisha hata mmoja. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama nimepotelewa na ng'ombe.

Karibu na msitu nilimkuta mama akiteka maji kwenye chemchemi. Alikuwa mjane, akijulikana kwa jina la mtoto wake, Mama Muthoni. Alinipa kikombe cha maji baridi hadi fizi zikaniuma, akakataa shukrani zangu ndefu za Kiswahili cha pwani, akajitwika mtungi na kuondoka. Na hapo hapo, kama hatua kumi kutoka kwenye maji, nikaliona ua. Majani yake yalikuwa marefu, maua meupe yenye mistari ya waridi, mazuri kupita kiasi kuachiwa ng'ombe. Nikatoa kisu changu cha machungwa, nikainama kuchimba. Wakati huo huo wingu likafunguka.

Mlima ukatoka wote. Mkono wangu uliendelea kuchimba wenyewe, maana macho yote yalikuwa mashariki, kwenye vilele vile vyeusi na theluji ambayo, naona fahari kusema, ilifanana sana na chaki yangu. Udongo ulikuwa laini. Nikavuta mara mbili tatu, ua likaja na kitunguu chake, nikalifunga kwenye gazeti bila kuangalia chini. Kisha nikaketi kwenye jiwe na kuandika kurasa nne kuhusu vilele. Nilikuwa na furaha ya kweli, wala sioni haya kuisema.

Jumatano na Alhamisi, Nanyuki. Nilikwenda kuona ikweta, nikakuta ni ubao. Ua nililibeba mkobani, nikalinyunyizia maji, nikalisimamisha kidogo chini ya ubao ule ili niweze kumweleza Bi Rukia kwamba limekanyaga pande zote mbili za dunia. Mzee aliyekuwa akiuza vinyago aliliona, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akakusanya vinyago vyake na kuhamia upande wa pili wa barabara. Nikadhani jua linamwumiza.

Ijumaa, baada ya swala, nilikuwa nimerudi Nyeri. Nilifungua gazeti kwenye kibaraza cha Mzee Ramadhani ili nimwonyeshe ushindi wangu. Cherehani ikanyamaza.

"Mwalimu, hii umetoa wapi?"

"Endarasha. Porini."

"Hakuna pori iko na hii. Hii ni itoka. Watu ya mama yangu wanapanda kwa mpaka ya shamba, hapa yako, hapa yangu. Mtu hagusi. Hata mtu amelewa hagusi." Akajifuta mikono kwenye suruali ingawa hakuwa ameligusa. "Wewe umebeba mpaka ya watu kwa mkoba."

Nikacheka kidogo, nikaona ninacheka peke yangu. Nilimwomba tufuatane kesho yake. Alikataa, alikuwa na sare za shule za kushona, tena alisema mkono uliotoa ndio unarudisha.

Jumamosi, Endarasha tena. Safari hii hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Walikuwa na shughuli nyingine: kwenye chemchemi palikuwa na watu wengi na kelele. Nilisikia habari kutoka kwa mama mmoja kabla sijafika. Shamba lile, mume wa Mama Muthoni na ndugu yake Ndirangu walikuwa wameligawana wenyewe, na baba yao akapanda mpaka. Baba alikuwa amekufa, mume naye amekufa. Mpaka ulinyooka hadi karibu na maji, ukapinda kwenye itoka moja ili chemchemi ibaki upande wa mjane. Bila itoka ile ya kwenye kona, kamba ya kupimia ingevutwa moja kwa moja, na maji yote yangekuwa ya Ndirangu. Mama Muthoni alipoikuta haipo alimwita shemeji yake mwizi wa mpaka mbele ya watoto wa Ndirangu mwenyewe. Ndirangu, ambaye hakuwa ameigusa, alikasirika kama anavyokasirika asiye na kosa, akasema kwa kuwa ameshaitwa mwizi basi kamba ivutwe. Kamba yenyewe ilikuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo nilichokuwa nimebeba kwenye gazeti lenye picha za mpira kilikuwa maji ya mjane na jina la shemeji yake. Nikapenya katikati ya watu, nikafungua gazeti, nikasema kwa sauti ambayo wanafunzi wangu wasingeitambua:

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyeling'oa."

Ndirangu aliiacha kamba ianguke.

"Wewe ni nani?" aliuliza Mzee Wachira, mkubwa wa wazee watatu walioitwa kuamua.

"Mwalimu, kutoka Mombasa."

"Na mimi nilikukosea nini, mwalimu?" akauliza Ndirangu. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

Nilieleza habari za mke wangu na debe lake, wazee wakanisikiliza kama wanavyosikiliza watu wazima habari za ndoto. Kisha Mzee Wachira akasema hawataki kuniapisha, wanataka kitu kimoja tu. "Tuonyeshe pahali ulitoa. Tutarudisha, maneno yaishe."

Nikatazama chini. Ng'ombe walikuwa wamekanyaga tope lote. Shimo langu lilikuwa moja kati ya mashimo mia. Niliitazama kalamu yangu mfukoni, kisha daftari. Kurasa nne nilizokuwa nazo zilieleza kila kilele, rangi ya theluji, umbo la wingu, mpaka ndege aliyepita. Kuhusu ardhi niliyokuwa nimepigia magoti hapakuwa na neno.

Ningesema sijui. Lakini nilimwona Mama Muthoni amesimama na mtungi mtupu, macho kwangu, nikakumbuka kikombe cha maji. Nikajiambia kwamba nikikosea, heri nikosee upande wake. Nikatembea kwa uhakika wa mtu anayejua, nikapita maji, nikaenda mbele kidogo kuelekea kwa Ndirangu, nikakanyaga. "Hapa."

Ndirangu alitazama mguu wangu. Angesema nini? Shahidi asiye na upande alikuwa mmoja tu. Wazee wakaanza kuinama wachimbe. Nami nikajisikia mtu mwema sana.

"Hapana," akasema Mama Muthoni.

Aliutua mtungi. Akaja pale niliposimama, akanisogeza kwa kiganja kama mtu anayesogeza kiti, akarudi nyuma hatua tatu, kuelekea upande wake mwenyewe.

"Ni hapa. Huko mwalimu amesimama ni kwa Ndirangu."

Wazee wakatazamana. Maji bado yalikuwa yake, ila ukanda wa hatua tatu niliomzawadia alikuwa ameurudisha kwa mwenyewe. Mzee Wachira akamgeukia Ndirangu, akamwuliza ana neno gani. Ndirangu alipiga magoti kwenye tope, akachimba kwa mikono mahali alipoonyesha shemeji yake, na wawili hao wakalipanda ua pamoja. Mama Muthoni alimwomba msamaha hapo hapo, kwa Kigikuyu, na sikuhitaji mkalimani. Mimi hakuna aliyenitoza chochote. Nilisimama kando na gazeti tupu.

Kabla ya lori kuja, Mama Muthoni alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwomba radhi, kisha nikashindwa kujizuia, nikamwuliza kwa nini hakunyamaza. Hakuna mtu ambaye angejua.

Alinitazama kama alivyonitazama yule mzee aliyedhani nimepotelewa na ng'ombe.

"Wewe unaenda na lori," akasema. "Mimi ndio nitakunywa hiyo maji kila siku."

Kurudi kulikuwa kwa haraka kuliko kwenda. Nyeri nilinunua ua sokoni, na Bi Rukia alijua ni la kununua kabla sijaweka mkoba chini. Majirani na walimu wenzangu walikuja kuniuliza nimejifunza nini huko bara, nikawaeleza habari za theluji, ambayo ni kweli niliiona, na ni rahisi kuieleza. Nimeizungumza theluji ile miaka mingi. Sikuwaambia kwamba nilidanganya mbele ya wazee watatu kwa nia njema, nikitoa sadaka shamba la mtu mwingine, na kwamba nilijiona mkarimu hadi mwenye shida mwenyewe aliponishika kifuani na kunisogeza nje ya ardhi isiyo yake.