Sauti Iliyokataa Sharubati

Mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, na nilikuwa najivunia jambo hilo. Miaka minane nimezungusha damu kwa mashine ya mkono katika maabara ya hospitali moja ya misheni upande wa Busia, mpaka chembe zikae chini na maji yabaki juu. Sista Nekesa alikuwa akinisifu na kuniletea chai.

Mwaka huu wa sabini na sita akaja fundi mmoja, Barasa, kutoka Nairobi na kifaa chake. Akikiwasha husikii kitu, lakini yeye anasema ni sauti, nyembamba mno kwa sikio la binadamu. Ndani ya kijichupa, chembe za damu zinajipanga mistari mistari. Chai ikahamia kwake, tena na maandazi.

Wivu ukanichoma. Nikawa nasema haya ni mazingaombwe tu. Siku daktari mkuu alipokuja kutazama, nikamwaga kwa siri damu iliyokuwa kwenye kijichupa cha Barasa, nikajaza sharubati nyekundu niliyonunua Malaba. Iliyobaki nikainywa.

Barasa akawasha. Tukangoja. Hakuna hata mstari mmoja.

"Si nilisema!" nikapaza sauti. "Huyu ni mwongo!"

Barasa akachungulia. "Daktari, sauti inasukuma chembe. Hapa hakuna chembe hata moja. Hii si damu."

Sista Nekesa akanusa kijichupa, kisha akanitabasamia kwa mara ya kwanza tangu chai ihame.

"Mzee Ouma," akasema kwa upole, "hebu toa ulimi tuone."