Masta za Landrova Zilizozikwa Chini ya Ghala

Jamani, huyu mama yangu ataniua kwa mshangao!

Miezi mitatu natafuta spea mbili, masta ya breki na masta ya klachi, za Landrova ya marehemu baba. Kahama hakuna. Geita hakuna. Shinyanga mwenye duka alinicheka kabisa.

Leo asubuhi namlalamikia fundi pale uani. Mama anapepeta karanga, ametulia tuli. Mara anauliza:

"Ni vile vyuma alivyozika baba yako?"

ALIVYOZIKA?!

Tumechimba chini ya ghala kama wachimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo. Likatoka debe limeliwa na kutu. Ndani yake masta zote mbili, mpya, zimejaa grisi!

Kumbe baba alizificha miaka ile ya themanini, wakati wa msako wa walanguzi, ambapo spea ya akiba tu ingeweza kukupeleka ndani. (Mliopanga foleni ya sabuni, nyoosheni mikono!)

Fundi kabadilisha mipira ya ndani iliyokakamaa, basi. Breki imeshika!

"Mama, mbona miaka yote hii hukusema?"

Akachungulia barabarani kwanza.

"Baba yako alisema ninyamaze mpaka msako uishe. Umeisha?"