Jinsi nilivyogeuza paipu ya tanki la oil, cousin akafika kikao cha familia na mguu mmoja mweusi

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Jua linachoma lakini tuko.

Stori hii ni ya kweli. Mashahidi ni familia nzima, na mmoja wao bado ana doa kwa suruali, kwa hivyo sina pa kudanganyia.

Kwanza, mimi ni mwanamke, nashona mapazia hapa mjini. Nasema mapema ndio mtu asinijibu "bro".

Marehemu baba aliacha pikipiki ya zamani ya Mwingereza, silinda moja, ile inanguruma polepole mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Iko kwa stoo nyumbani Kisian, kwa Mama. Baba ndiye alinifundisha kuiendesha. Jumapili tukitoka kanisani alikuwa ananiachia mimi usukani, yeye anakaa nyuma na Biblia yake kwapani, watu wakitushangaa barabarani.

Baada ya mazishi, cousin wangu Pius akaanza kusema pikipiki imekufa.

Pius ni mtoto wa Baba Mdogo. Bachelor mzoefu, mtu wa perfume na viatu vya kung'aa. Alimwambia Mama injini imeshika, haizunguki, inafuga panya tu pale stoo. Yeye kwa huruma yake atakubali kuichukua kama chuma chakavu, amwondolee mzigo.

Mama akaanza kulegea. Baba Mdogo akaitisha kikao siku ya Jumapili, mambo yaishe.

Sasa shida ikawa moja. Nikifika nyumbani wikendi, nagusa injini, iko na joto. Na kiti kinanuka omena, wale dagaa wa ziwani.

Wakuu, pikipiki iliyokufa haiendi sokoni.

Mama alikuwa hajui kitu. Pius alikuwa anaitoa wakati yeye ako chama cha akina mama ama kanisani, na hata angekuwepo, sikio lake moja halishiki vizuri, angedhani ni lori la barabara ya Busia.

Nikamuuliza Pius kwa upole. Akaniangalia kama mtu amefiwa upya. Akasema kuku ndio hulala juu ya injini, hiyo joto ni ya kuku. Nikamuuliza na omena je? Akasema kuku hula omena.

Kuku kweli hula omena.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa wale hawajui hizi mashine. Pikipiki nyingi za siku hizi oil inakaa ndani ya injini. Hii yetu ina tanki lake la oil kando, chini ya kiti. Paipu moja inatoa oil chini ya tanki inapeleka kwa pump. Ya pili inarudisha oil juu kwa tanki ikishazunguka. Ya tatu ni ya kupumua tu: inatoka juu ya tanki, inatoa hewa, na oil ikizidi inatemwa hapo.

Hizo mbili za kwanza ukizichanganya umeua injini. Sikuzigusa.

Hiyo ya kupumua ndiyo ilinipa wazo. Ningemwashia Mama aone, lakini Pius angesema imepona jana tu; nilitaka ashikwe na ushahidi nguoni.

Nilienda kwa Bwana Jaswant, Singasinga mmoja mzee ambaye familia yake imeuza spare hapa Kisumu tangu zamani. Alikuwa rafiki ya baba, walikuwa wanabishana juu ya hii pikipiki mpaka chai inapoa. Nikamuuliza, kwa mfano tu, paipu ya kupumua ikigeuzwa, ni wapi haifai kabisa kuelekea.

Akanitazama juu ya miwani. Akasema isielekee tairi ya nyuma, mtu atateleza afe. Isielekee exhaust, itawaka.

Nikasema, basi inabaki mguu.

Hakuniuliza mguu wa nani. Alikata kipande cha paipu, akanipa na clip mbili mpya, akaendelea kusoma gazeti lake. Nikitoka ndio nikasikia anacheka peke yake.

Jumamosi nikaingia stoo. Nikatoa ile paipu kutoka njia yake ya kawaida, kule nyuma kando ya mudguard, nikaipitisha chini ya kiti, nikaifunga mdomo wake ukiangalia pale shavu la mguu wa kulia wa dereva hukaa. Mama alipoenda chama, nikachukua ufunguo kwa msumari wake pale stoo, nikaijaribu mwenyewe nikiwa na gunia nimefunga mguuni. Matone machache tu. Doa la kumshika mtu.

Hiyo ndiyo ilikuwa plan. Matone machache.

Kitu sikujua ni kwamba Pius naye ana plan yake. Alikuwa amewaambia wazee ataleta mgeni kwa kikao, mwanamke anataka kumuoa. Na huyo mwanamke, Mama Akinyi, mjane anauza samaki Dunga, alikuwa ameambiwa pikipiki ni ya Pius.

Jumapili tukiwa kanisani, Pius akaingia stoo. Hakutaka aibu njiani, kwa hivyo kwa mara ya kwanza maishani akafungua tanki la oil kuangalia. Akaona iko chini.

Wenye hizi mashine washaanza kucheka. Pump ya hii yetu imechoka. Ikilala, oil inashuka yenyewe inajificha ndani ya injini. Ukiwasha, inarudi yote kwa tanki. Pius hakujua hayo. Akamimina chupa nzima. Niliikuta tupu kando ya ukuta.

Tulikuwa tumekaa nje, mimi, Mama, Baba Mdogo na shangazi wawili, chai imemiminwa, ndio tukasikia ule mngurumo.

Nadhani alitaka kuiacha barabarani waingie kwa miguu. Lakini Mama Akinyi, alikuja kunieleza baadaye, alikataa kukanyaga tope na viatu vya ukweni. Kwa hivyo wakaingia nayo mpaka katikati ya boma.

Suti ya Pius ilikuwa rangi ya maziwa. Mguu wa kushoto ulikuwa safi. Mguu wa kulia, kutoka goti mpaka soksi, ulikuwa mweusi unang'aa.

Halafu nikaona Mama Akinyi. Kitenge chake kipya, upande wote wa kulia, matone matone mpaka kiunoni.

Wakuu, sikuwa nimefikiria mtu wa nyuma.

Baba Mdogo akaweka kikombe chini. Akauliza mtoto wake, "Hii ndiyo ile imekufa?"

Pius akasema alitaka kutufanyia surprise. Ameifufua leo asubuhi.

Mama Akinyi akamgeukia, bila ubaya wowote, mtu anayesaidia tu. "Lakini si ndiyo hii umekuwa ukinibeba nayo tangu mvua ianze?"

Shangazi mmoja akainuka akaingia jikoni. Tulimsikia akicheka huko ndani na sufuria zikianguka.

Kikao hakikuchukua muda. Baba Mdogo aliomba ufunguo, akaangalia mguu wa kijana wake, akampa Mama ufunguo. Mama akanipa mimi. Akaniambia nikimaliza kuiosha nimpeleke nayo chama, awaonyeshe.

Nilimfuata Mama Akinyi kwa bomba la maji, nikamwambia ukweli wote. Nikamwambia kitenge nitamshonea kingine. Alisugua doa. Nilijua nitachapwa na ndara.

Akaniuliza kama kweli pikipiki ni yangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama naiendesha mbali.

Kisha akasema, "Mimi huyo mtu nilikuwa bado nafikiria. Pikipiki ndiyo nilikuwa nimependa."

Jumamosi iliyopita tulienda mpaka Luanda Kotieno, yeye nyuma na kitenge kipya, tukapanda ferry kwenda Mbita kula samaki kwa dada yake. Kule njiani alikuwa ananipiga bega niongeze moto.

Lesson, wakuu: paipu ya kupumua irudishe nyuma mbali na tairi. Usiongeze oil kabla injini haijazunguka kidogo. Na ukimtegea mtu, hesabu abiria.

Mwenye picha ya njia ya original ya hizi paipu aweke hapa, clip moja bado inanisumbua. Waliowahi kuibiwa safari na ndugu, semeni mlifanya nini.

Pius, kama uko humu kwa jina la bandia, comment tu. Oil ya injini hutoka kwa sabuni ya vyombo, lakini si kwa suti ya rangi hiyo.