Fundi wa Data Asiyeugua

Fundi wa data wa maabara ya hospitali huandika nywila kwa mkono mmoja, wa pili ukifunika kibodi kama mwanafunzi asiyetaka kuibiwa jibu. Kila asubuhi programu yake hukusanya majibu ya vipimo na kuyapeleka wodini. Faili la mipangilio ya programu hiyo hamfichi mtu, kwani palipotakiwa nywila na anwani pana majina matupu. Thamani za majina hayo, anazoziita vigeu vya mazingira, zimo ndani ya kompyuta yake tu. "Ndivyo usalama unavyotaka," husema kwa sauti ya chini, akifuta miwani isiyo na vumbi. Ni kweli. Ila akichelewa kazini, wodi nzima hungoja.

Juzi muuguzi mkuu alimjia. "Kaka, ukiugua je?"

"Mimi siugui, dada."

"Hongera. Sasa ziandike hizo thamani zote."

Aliandika taratibu, akafunga bahasha na kuigonga muhuri. Muuguzi aliichana papo hapo, akampa karani karatasi aijaribu kwenye kompyuta nyingine. Wagonjwa kumi na wanne walikuwa wakisubiri majibu ya damu. Karani aliingiza thamani zote sita. Programu ikagoma, ikidai ya saba, anwani ya kompyuta ya wodini.

"Aa, hiyo nimeisahau," fundi alisema, akivuta kiti. "Nipisheni niiweke."

"Usiguse," muuguzi alisema. Alimrudishia karatasi pamoja na kalamu, akasimama nyuma yake mpaka alipomaliza kuandika.