Mbio Nilizokimbia kwa Baiskeli

Mpaka leo nikifika Moi Avenue huwa navuka upande wa pili wa barabara, na si kwamba nakwepa mtu au jua, ni kwa sababu pale mbele ya duka moja la viatu nilipatwa na aibu ambayo hata mke wangu nilimhadithia tukiwa tumeshaoana (niliona nisimpe sababu ya kughairi). Miaka imepita sasa, na wengi wenu hamkuwepo, kwa hivyo nitaisema yote, na mkicheka chekeni tu, nimeshazoea.

Wakati huo nilikuwa karani kwenye ofisi ndogo ya wakala wa bima pale Hurlingham, na nilipanga chumba Kinoo kwa sababu kule kodi ilikuwa inavumilika. Mama yangu alikuwa akiishi katikati ya jiji, juu ya maduka ya nguo, lakini sisi asili yetu ni Mombasa, na ofisini nilikuwa mtu wa pwani peke yangu. Basi ikawa ndiyo kazi yao kunitania, eti sisi wa pwani ni wavivu. Nikichelewa kujibu simu, wanasema Swaleh bado anasubiri upepo. Nikipanda ngazi, wanauliza kama nimebeba kitanda nilale katikati. Nilikuwa nacheka nao, lakini yalikuwa yananiingia, sitawaficha.

Sasa shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa akifanya kazi Dubai, na akanitumia saa ya michezo yenye GPS. Nyinyi leo mnazo simu zinazojua mpaka mmelala saa ngapi, lakini wakati ule kitu kama kile kilikuwa ajabu. Ilikuwa kubwa kama kiberiti, unasimama nayo mahali pa wazi dakika tatu nne inatafuta setilaiti, halafu inakuambia umekwenda umbali gani na kwa kasi gani. Mimi kukimbia sikimbii, lakini nilikuwa na baiskeli, kwa hivyo nikakata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nikakizungusha kwenye usukani, nikaifunga saa juu yake, ikakaa sawasawa kama imetengenezwa kwa kazi hiyo. Raha niliyoipata siwezi kuielezea. Natoka Kinoo alfajiri, nateremka Uthiru, Kangemi, naingia barabara ya James Gichuru, na kila kilomita saa inalia tii, na mimi nakanyaga zaidi ili nisikie tii nyingine.

Kulikuwa na jambo moja dogo tu. Saa ile ilikuwa na picha mbili za kuchagua, mtu anayekimbia na baiskeli, na kwangu ilikuwa kwenye mtu anayekimbia. Kubadilisha kulitaka ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja. Nilijaribu mara mbili, nikafuta safari zangu zote za wiki, nikaona ah, kilomita ni kilomita, na nikaiacha hivyo hivyo.

Na jambo la pili, ofisini hakuna aliyejua kuwa nina baiskeli. Siku zile baiskeli Nairobi ilikuwa ya muuza maziwa na mbeba makaa, si ya karani wa bima mwenye tai. Nilikuwa naiacha kwa fundi wa tairi ng'ambo ya barabara, nafungua saa naivaa mkononi, naingia ofisini na traksuti natokwa na jasho, naenda kubadilisha nguo msalani.

Asubuhi moja Achieng, dada wa mapokezi, akanishika mkono aione saa. Akabonyeza bonyeza (Achieng kitu chochote chenye kitufe lazima akibonyeze), ikaja safari yangu ya asubuhi ile, pamoja na kale kapicha ka mtu anayekimbia: kilomita kumi na mbili na kidogo, dakika thelathini na mbili.

"Swaleh," akasema, "kumbe wewe hukimbia kutoka Kinoo mpaka hapa?"

Hapo ndipo ningesema baiskeli. Neno moja tu. Lakini nilimwona anavyonitazama, hakuna utani wa upepo wala wa kitanda, ananitazama kama mtu ambaye siku zote walikuwa wakimpima vibaya, na mdomo wangu ukasema, "Ah, ni mazoezi tu."

Kabla ya chai ya saa nne habari ilikuwa imefika kwa Madam Nyambura, mwenye ofisi, mama wa makamo aliyependa kushinda kuliko kula. Kila mwaka makampuni madogo ya mjini yalikuwa na mbio za kupokezana vijiti, Jumapili asubuhi, watu wanne wanne, kila mtu kilomita tatu kuzunguka katikati ya jiji. Na kila mwaka Madam alikuwa akishindwa na mawakili wa ghorofa ya tatu, ambao kutwa kucha tunakutana nao kwenye ngazi. Akaniita, akaiomba saa, akaiangalia kwa miwani, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema mwaka huu mimi ndiye nitakayemaliza. Nikasema sawa, Madam. Nawaambia nilisema sawa, na moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha, kana kwamba nimekimbia kweli.

Sasa alikuwepo Kiprono wa hesabu. Huyu alikuwa mtu mkimya, wa miaka thelathini na nane hivi, na tangu aajiriwe kila mtu alikuwa akimsumbua akimbie, kwa jina lake tu na kwa alikotoka, kule wanakotoka wakimbiaji wetu mashuhuri. Alikuwa akikataa kila mwaka. Lakini safari hii, Madam alipomwambia kwamba Swaleh ndiye nyota, yeye ajaze tu nafasi, akakubali. Tukawa wanne: Achieng, Madam mwenyewe, Kiprono, na mimi mwisho.

Wiki ya pili Kiprono akanifuata wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa ameshapiga hesabu kwenye karatasi.

"Swaleh, hii ni dakika mbili na nusu hivi kwa kilomita. Kilomita kumi na mbili mzima. Hata kwetu mtu kama huyo simjui. Ni ya ukweli?"

Nikamwambia saa ndiyo inavyosema. (Na haikuwa uongo, saa ndivyo ilivyokuwa ikisema.) Akaniangalia kidogo, kisha akakunja karatasi, akaanza kunihadithia jambo ambalo sidhani alikuwa amemwambia mtu pale ofisini. Alisema shuleni alikuwa anakimbia vizuri, akaacha kwa sababu alichoka kuonekana miguu tu, hakuna aliyemuuliza anapenda nini. Na sasa amefurahi kwamba kuna mwingine wa kuangaliwa, yeye anaweza kukimbia kwa raha zake. Ameanza kuamka saa kumi na moja asubuhi. Miguu imekumbuka, akasema.

Ningemwambia pale. Nilikuwa na chapati mdomoni, nikatafuna polepole, nikameza, nikamwambia vizuri sana.

Msidhani sikujaribu kujiokoa. Jioni moja kule Kinoo nilivaa viatu nikajaribu kukimbia kutoka dukani mpaka kanisani, kama nusu kilomita, nikashikwa na kichomi nikarudi nimeinama. Nikajipa moyo kwamba miguu ya baiskeli ni miguu, siku yenyewe itafunguka. Nikafikiria pia kuugua. Lakini Mama siku moja alipita ofisini kuniletea mahamri, Achieng akamweleza kila kitu, na alipotoka pale Mama aliwaambia jengo zima analoishi. Kuugua kukawa hakuwezekani tena.

Jumapili ikafika. Jamani, mji ulivyopendeza bila magari. Kenyatta Avenue imefungwa, muziki, watu wamejaa kando ya barabara na fulana za makampuni, na mimi nikiwa na namba kifuani nikajikuta nimeamini. Nawaambia kweli, dakika ile nilikuwa nimeamini kwamba mimi ni mkimbiaji. Achieng akaondoka akarudi wa saba. Madam akapita watu wawili, anapumua kama anapanda mlima lakini hakusimama hata mara moja. Halafu akaondoka Kiprono, nasi tukawa tunanyoosha shingo tuone nani atatokeza kwanza kwenye kona, na aliyetokeza alikuwa Kiprono, peke yake, nyuma yake barabara tupu, anakimbia kama mtu asiye na mifupa. Madam alikuwa amenishika bega. Kiprono akanipa kijiti, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijapata kumwona nayo tena.

"Maliza," akaniambia.

Nikatoka. Na mita mia tatu za kwanza, wacha niseme ukweli, nilipaa. Watu wanapiga makofi, niko mbele ya mji mzima, nikatupa jicho kwenye saa, nikaona dakika nne kwa kilomita, nikajiambia kumbe inawezekana. Kisha kichomi kikaja, kisha koo likakauka, kisha magoti yakawa si yangu. Saa ikasema sita. Nilipoangalia tena ikasema tisa. Wakili wa ghorofa ya tatu akanipita, akanisalimia kwa jina. Akafuata wa pili, wa tatu, nikaacha kuhesabu. Nilipofika Moi Avenue walikuwa wamenipita wote, na nyuma yangu kulikuwa na lori dogo linaokota vizuizi vya barabara, dereva anakuja taratibu ili asinikanyage.

Na pale mbele ya duka la viatu ndipo aliposimama Mama, na buibui lake na mkoba wake, pamoja na majirani zake wawili aliowaleta wamwone mwanawe. Nikapita. Yeye akashuka kwenye ukingo wa barabara akaanza kutembea kando yangu. Kutembea tu, kwa ndara. Na hatukuachana. Mimi nakimbia, Mama anatembea, na tuko bega kwa bega, na watu wa pande zote mbili wameanza kucheka, wengine wanamshangilia yeye.

"Swaleh, umeumia?"

"Sikuumia, Mama."

"Basi mbona hukimbii?"

Nikamwambia ndiyo nakimbia. Akainamisha kichwa akatazama miguu yangu. Hapo likanitoka. Nikamwambia ilikuwa baiskeli. Akauliza baiskeli gani, ikabidi nimweleze mambo yote, sponji, usukani, vitufe viwili, kapicha ka mtu anayekimbia, nahema kila baada ya maneno matatu, na lori linanguruma nyuma. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Akaniuliza tu kama wenzangu wanajua, nikasema hawajui.

"Basi nenda ukawaambie leo leo. Mimi nitakusindikiza."

Akanisindikiza kweli, kilomita moja na zaidi, na kwenye mstari wa mwisho (mpiga picha alikuwa bado hajaondoka) mguu wa Mama ulitangulia wangu. Picha ile ilibandikwa kwenye ngazi za jengo letu, na mawakili wa ghorofa ya tatu ndio walioibandika.

Nikawaambia palepale, na kijiti bado mkononi. Achieng akakaa chini barabarani akacheka mpaka akalia. Madam Nyambura akauliza kama baiskeli yenyewe angalau ni ya haraka, kisha akaenda kutafuta maji. Lakini Kiprono alivua namba yake kifuani, akaikunja mara nne kama barua, akaitia mfukoni, akaondoka kwa miguu kuelekea Uhuru Highway. Nikaona bora angenipiga.

Wiki mbili hatukuongea ila kazi. Ananipa risiti, napokea, basi. Mwishowe nikamfuata mezani kwake jioni, wengine wameondoka, nikamwomba msamaha bila kuweka neno la utani hata moja, na kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko kilomita tatu. Nikamwambia alikimbia mbio za kweli na mimi nikazitupa. Akaendelea kupanga karatasi zake.

"Ungeniambia tu ile siku ya chapati," akasema. "Ningecheka, alafu ningenyamaza. Na bado ningekimbia."

Kisha akaniuliza kama nashuka hadi barabarani, tukateremka pamoja. Hakuacha kukimbia, lakini mbio za ofisi hakurudi tena, na kila mwaka Madam alipomwomba nilikuwa natazama dirishani.

Mimi baiskeli naendesha mpaka leo, mchana kweupe, na naiegesha mbele ya mlango. Na nimejiwekea nadhiri moja: mtu akinisifu kwa jambo ambalo si langu, namkatiza papo hapo kabla utamu haujaniingia. Imeshakuwa ugonjwa. Idd iliyopita wageni walisifu pilau kwa jumla tu, hawakumtaja mtu, nikasimama katikati ya sebule nikatangaza kwamba amepika mke wangu, nyama amechagua Mama, na mimi kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele, na hata huo niliacha mawe mawili.