Nilimix wimbo wa mama masika nzima chini ya bati, kiangazi kikaniumbua

Wakuu, salaam zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu marahaba, naitikia kabisa kabla hamjaniamkia.

Ninachokileta hapa kimenitokea mwenyewe, hapa hapa Songea. Mhusika mkuu yuko jikoni anasonga ugali wakati naandika. Nikitia chumvi, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kunikana.

Na mimi ni KE, yaani mwanamke. Naliweka mapema ili tusipotezeane muda kwenye comments.

Nina stationery ndogo Mjimwema. Kuchapa barua, kutoa kopi, picha za passport. Nyumbani ni Mshangano, naishi na mama.

Muziki sikuusomea popote. Kompyuta ya kazini ilipozeeka niliihamishia nyumbani, nikaweka program ya kutengenezea beat, na tangu hapo nikawa mtu wa ajabu. Mteja ananieleza anataka kopi za cheti, mimi nahesabu mdundo kwa vidole chini ya meza.

Ninachotengeneza ni muziki wa kielektroniki, ila ule wa polepole, wa kuelea. Wa klabu siuwezi. Nataka ukiusikiliza uone umekaa dirishani asubuhi, ukungu umefunika milima ya Matogoro, chai iko mkononi na hakuna anayekungoja popote.

Sasa nije kwa mama.

Mama alikuwa mwimbaji. Kwaya ya parokia, sauti ya kwanza. Nyumbani nako alikuwa haimbi kwa kukusudia, ilikuwa inamtoka tu. Akifagia uwanja anaimba, akichambua mboga anaimba, na akikaa kupukuchua mahindi ndiyo usiseme. Nimelelewa ndani ya ile sauti, hadi nilikuwa siisikii tena.

Kisha akapata rovu, ule uvimbe wa shingoni ambao huku kwetu si mgeni. Ukakua mpaka kumeza ikawa shida. Ikabidi operesheni. Daktari alituambia mapema kwamba sauti inaweza kubadilika, na mama akajibu bora uzima.

Uzima tukaupata, Mungu ni mwema. Sauti ikashuka. Ikawa nzito, ina mikwaruzo, utadhani kila saa ndiyo kwanza anaamka.

Akaacha kuimba. Hakulalamika kwa mtu. Aliacha tu kwenda mazoezini, sare ya kwaya akaikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku. Kwenye jumuiya, zile sala zetu za kila wiki za nyumba kwa nyumba, akawa anachezesha midomo. Nilikuwa nakaa naye jamvi moja, kwa hiyo nilijua hakuna kinachotoka.

Iliniuma, wakuu. Nyumba iliyozoea kuimbiwa ikinyamaza, unaanza kusikia hadi friji.

Sasa, kwenye simu yangu ya zamani kulikuwa na rekodi moja. Kabla ya operesheni niliwahi kumrekodi mama uani anapukuchua mahindi. Anaimba wimbo wa Kingoni aliofundishwa na mama yake, punje zinadondoka kwenye beseni. Sikurekodi kwa akili yoyote, nilikuwa najaribu simu mpya. Nilipotafuta kote, hiyo ndiyo rekodi pekee iliyokuwepo ya sauti yake ya zamani.

Nikaweka nia. Nitaujengea ule wimbo muziki, mama ajisikie tena. Akijisikia, labda ataimba. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka, hata ndoto za kuwa producer mkubwa niliziweka pembeni.

Masika ilikuwa imeshashika. Nyumba yetu ni ya bati na haina siling bodi. Mwenye nyumba ya namna hiyo ananielewa. Mvua ikichachamaa mnaongea kwa ishara, mtu akikuomba chumvi unampelekea kisu.

Kila jioni nikirudi kutoka kazini mvua ilikuwa inanipokea mlangoni. Nakunywa chai, nawasha kompyuta, nawasha sabufa, nazama.

Na niseme ukweli, zile zilikuwa jioni nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Mvua juu, sauti ya mama kwenye sabufa, mama mwenyewe chumba cha pili hasikii kitu kwa sababu ya bati. Wakati mwingine nilikuwa nafumba macho sijui tena kipi ni mvua na kipi ni wimbo. Nilijiona nimerudi mdogo, nimelala mgongoni mwake, naisikia sauti kupitia kwenye mbavu zake.

Zile punje nilizikata mojamoja, nikazipanga zikawa kayamba. Sauti ya mama nikaitia mwangwi kidogo ili iwe kama inatoka ng'ambo ya bonde. Nikaweka kinanda cha kuelea chini yake.

Halafu ikaja mixing, yaani kuzipanga sauti zote zikae pamoja bila kukanyagana. Hapo ndipo nilipopotelea.

Kila nikisikiliza, punje hazisikiki. Naziongeza. Sauti ya mama naona imezama, naipa makali ya juu ili itoboe. Kesho yake nikifungua naona imezama tena, naongeza tena. Video za mtandaoni zilisema mwanzo na mwisho uamini masikio yako. Nikayaamini. Kumbe masikio yenyewe yalikuwa yanashindana na bati!

Ambaye keshaona pa kuchekea acheke. Mimi wakati ule sikupaona.

Mvua za mwisho mwisho nikafanya mastering, ambayo kwangu mimi ni kuupiga wimbo pasi kabla haujatoka nyumbani. Nao niliupiga pasi ya moto kweli. Nikaufunga, nikaapa sitausikiliza mpaka siku mama atakapousikia, maana najijua, nikiufungua nitaanza kuchokonoa.

Siku yenyewe niliichagua vizuri. Jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu. Mvua zilikuwa zimekatika, mchana umetulia, anga safi. Sala zikaisha, watu wakapewa togwa. Nikasema nina kawimbo nimekatengeneza, naombeni mnisikilizie. Nikabonyeza.

Wakuu.

Zile punje zilitoka kwenye sabufa kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko. Mtoto wa jirani akaanza kulia. Mama Kizito, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akaweka kikombe chini taratibu, akajitahidi kutabasamu.

Kisha ikaingia sauti ya mama. Nyembamba, kali, yote pua na meno.

Nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza kwa heshima, vile anavyomsikiliza mgeni. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu anayeimba ni nani?"

Hakuwa anatania.

Nikajibu, "Ni mtu tu, mama."

"Ana sauti kali," akasema. "Mwambie asijikaze."

Nilienda uani nikajifanya naokota vikombe. Nililia, sitaficha. Rekodi moja iliyobaki, na nilikuwa nimeipika hadi mwenyewe haitambui.

Asubuhi nikapanda bajaji ya Shaibu, jirani yetu, mtu wa Tunduru, ndiye hunipeleka kazini. Nikamwomba achomeke simu yangu kwenye redio yake nisikie kama tatizo ni sabufa. Hatukufika mbali, akazima mwenyewe.

"Dada yangu, wallahi naomba radhi, lakini hii inakata masikio. Ulitengenezea wapi?"

"Nyumbani. Masika yote."

Akacheka hadi akapunguza mwendo. "Basi ni kama mimi na hii redio. Mvua ikipiga turubai naifungulia mpaka mwisho. Ikikatika ghafla, abiria wanaruka!"

Hapo ndipo nilipolikumbuka bati. Alipokuwa ananishusha akaniuliza anayeimba ni nani, nikamwambia ni mama, kabla ya operesheni. Akaacha kucheka. "Innalillahi," akasema, "na yeye ana habari kwamba unayo rekodi hiyo?" Nikasema hana. Akasema, "Mpelekee polepole, dada. Mtu kukutana na alichokipoteza si jambo dogo."

Nikaanza upya. Safari hii nilifanya kazi asubuhi za Jumamosi, kiangazi, kimya, kibaridi cha Songea kinaingia dirishani. Nilipofungua project nilitamani kujificha. Kila kitu kilikuwa kimepandishwa hadi kooni.

Nikawa nashusha. Punje nikazirudisha zilivyokuwa kwenye beseni. Makali niliyoyatia kwenye sauti nikayatoa yote. Vinanda nilivyovirundika nikavifuta, nikabakiza kimoja. Kadiri nilivyotoa ndivyo mama alivyorudi, kidogo kidogo, hadi asubuhi moja nikasikia anavuta pumzi kabla ya ubeti. Ile pumzi niliijua. Nilikaa pale mikono iko mapajani, sikugusa kitu.

Ila palibaki na pengo. Chini ya sauti yake palikuwa patupu. Niliweka besi, ikakaa kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikaweka kinanda kizito, nacho hivyo hivyo. Ndipo nikagundua masika nzima lile pengo lilikuwa limejazwa na mvua. Nilikuwa nimeupenda wimbo wenye mvua ndani, na mvua yenyewe sikuwahi kuirekodi.

Mwisho nikasema acha, pabaki wazi.

Mavuno yakafika. Siku moja mama yuko uani na beseni lake anapukuchua, mimi niko ndani. Nikakumbuka neno la Shaibu. Nikaweka sabufa dirishani, sauti ndogo kabisa, nikauachia wimbo.

Mikono yake ikapunguza kasi. Kisha ikasimama, gunzi likabaki limeshikwa hewani.

Hakuniuliza huyu ni nani.

Akainua ncha ya khanga akajifuta macho, na mimi nikaogopa. Nikajua nimemtonesha. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzima.

Ubeti wa pili ulipoingia, kikatoka kitu uani. Nikadhani ni sabufa inakoroma. Alikuwa ni mama. Hakujaribu kufika kule juu anakofika yule wa kwenye simu. Alikaa chini kabisa, na ile sauti yake ya mikwaruzo, taratibu, punje zikaanza kudondoka tena. Aliingia palepale kwenye pengo nililolishindwa.

Nikachukua simu, nikarekodi.

Baadaye nikamwendea, nikamwomba niiweke kwenye wimbo.

"Hii mbovu?" akauliza.

"Hiyo hiyo, mama."

Akapukuchua gunzi zima kabla hajanijibu. "Weka basi. Ila usinikaze."

Sikumkaza. Ile sauti ya chini haina hata kitu kimoja nilichokiongeza. Mle ndani jogoo wa jirani anawika, nimemwacha.

Kwa beginners wenzangu, somo langu ni hili. Usimalize mix yako mahali penye kelele halafu ukadhani umemaliza. Isikilize mvua ikiwepo na isipokuwepo, kwenye sabufa, kwenye bajaji, kwenye kisimu kibovu. Na ukiona kitu hakisikiki, kabla hujakipandisha, tafuta nini kimekifunika. Mara nyingi dawa ni kupunguza kingine. Pengo nalo usilikimbilie kulijaza, huenda mwenyewe yuko njiani anakuja.

Jumuiya ilipozunguka hadi zamu yetu tena, mama ndiye aliyesema, "Wawekee ule wimbo." Nikauweka. Safari hii hakuna mtoto aliyelia. Mama Kizito akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Wanaimba vizuri. Hawa wawili ni akina nani?"

Mama alikuwa anagawa togwa. Hakusimama hata.

"Wa juu ni mimi," akasema. "Na wa chini ni mimi pia."

Haya wakuu, jukwaa ni lenu. Wenye nyumba za bati mnamixia wapi masika? Mafundi nikosoeni, kayamba bado naona limezidi kidogo, na mastering sijaielewa vizuri. Semeni lolote mnaloona.

Ila hiyo sauti ya chini, asiniambie mtu niipandishe.