Kiti cha Mama kwenye Baiskeli ya Moto

Kwa nini mama hakukubali kupanda? Chombo kilikuwa mlangoni, kimepakwa rangi mpya ya kijani, kimetiwa pazia la hariri, na baba ameketi mbele na joho lake la Idi, mikono miwili kwenye usukani. Majirani walijaa barazani. Mama alisimama ndani ya daka la mlango, akakitazama kwa muda, kisha akageuka akapanda ngazi. Nilikuwa mtoto. Nilimfuata juu nikamwuliza, naye akanipa bilauri ya sharubati niwapelekee wageni.

Shangazi yangu, dadake baba, alipata jibu papo hapo. "Huyu hana shukrani! Kajengewa kiti kama cha malkia, naye ageuza kisogo." Jibu hilo likaenea mjini, na kwa miaka mingi hata mimi sikuwa na jingine.

Leo watu wanasema pikipiki. Siku zile Mombasa tuliita baiskeli ya moto, na zilikuwa chache hata kila mtoto wa Mji wa Kale alijua ni ya nani iliyopita kwa kuisikia tu. Karibu zote zilitoka katika banda la fundi mmoja, vichochoro viwili nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa ameanza kwa kuunda matololi, yale magari madogo ya kusukumwa kwa mikono juu ya reli zilizopita mjini. Kisha Wazungu waliokuwa wakirudi kwao wakaanza kuuza baiskeli za moto zilizokwisha kuanguka na kupindika. Yeye alizichukua, akazifumua, akazijenga upya, kila moja kwa kipimo cha mwenyewe. Ya daktari wa Kihindi ilikuwa na kasha la dawa juu ya springi ili chupa zisivunjike. Ya karani Mgoa wa forodhani, mtu wa miguu mifupi, ilikaa chini mno, na watu wakamtania kuwa amepanda mbuzi.

Hakuanza na chuma. Alimketisha mteja juu ya kasha lililopinduliwa, akamwuliza. Unakwenda wapi hasa? Nani atapanda nawe? Atashuka upande gani? Mkononi atakuwa na nini? Wengine walikasirika, walikuja kuagiza chombo, si kuhojiwa kama washtakiwa. Yeye aliwangoja, akifuta mikono kwa tambara, mpaka wajibu.

Baadaye nilisoma chuo kikuu Bombay, kwa ami yangu, baada ya baba kufariki. Huko maprofesa walinisifu kwa kuuliza maswali, halafu wakachoshwa nayo. Walidhani tabia hiyo niliipata kwao. Niliipata bandani, mbele ya lile kasha, na ningependa kusema kwamba namshukuru fundi kwa moyo safi. Siwezi.

Mama alizaliwa katika nyumba ambayo wanawake wake hawakuonekana njiani. Walitoka kwa shiraa: hema la nguo lililowambwa juu ya miti, likabebwa na wajakazi pande zote, na bibi akatembea katikati bila kuonekana hata kidole cha mguu. Wajakazi hao walikuwa watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku waliiweka miti chini wakaenda zao, na sioni kwa nini wangefanya vingine. Nyumbani kwetu hakuna aliyejiuliza heshima ile ilikuwa imebebwa na nani muda wote huo. Waliuliza tu ni nani ataibeba sasa. Shiraa ikakunjwa, ikatiwa darini, na mama akabaki ndani pamoja nayo. Wanawake wengine walianza kuvaa buibui na kutembea kwa miguu yao. Baba alisema hilo ni vazi la wachuuzi.

Nyanya, mamake mama, alikuwa akikaa kwa mjomba wangu huko Mbaraki, upande wa pili wa kisiwa, na kifua kilikuwa kimemshika vibaya. Reli ya matololi haikufika kwao.

"Nitakwenda kwa buibui," mama alisema. Alikuwa akichagua mchele, na mkono wake haukusita.

"Mke wangu, njiani? Watu wa Ndia Kuu wakutazame unavyokanyaga?"

"Mamangu yuafa, bwana."

"Hafi. Nitakupeleka kwa chombo ambacho hajapandishwa mke wa mtu yeyote mji huu. Utakwenda kama mtu na utarudi kama mtu."

Sidhani alikuwa akidanganya. Baba alimpenda mama, ila alipenda pia kuonekana akimpenda, na sijui kama yeye mwenyewe aliweza kuyatenganisha hayo mawili.

Alinichukua tukaenda bandani. Alitaka baiskeli ya moto yenye kisanduku cha mbao pembeni, chenye kiti na pazia.

"Nani atakaa pembeni?" fundi akauliza.

"Watu wa nyumbani."

"Watu wa nyumbani wana kimo gani?"

Baba akaishika fimbo yake kwa nguvu. "Waniuliza kimo cha mke wangu?"

"Nauliza kimo cha kiti, bwana mkubwa. Kiti kisipomfaa, magoti yatampiga kidevuni, na njia ya Mbaraki ni mashimo matupu. Hutakuwa na raha ya kumsikia."

Baba akaanza kutazama paa la banda. Fundi akanitazama mimi. "Mwanangu, ndoo hapa. Wajua kupiga fundo?"

Alinipa uzi mrefu wa katani. Nikaenda nao nyumbani, nikampima mama ameketi sakafuni, mgongo ukutani: kiunoni hadi gotini, gotini hadi kisiginoni, bega hadi bega, na kila kipimo nikakipigia fundo. Mama alicheka hata akashika mbavu.

"Yaani huyo bwana yuwanishonea au yuwanichongea? Haya, mwambie aache nafasi ya kikapu miguuni. Nampelekea nyanyako mikate ya mofa. Na mlango ufunguke kwa ndani, nisikae kama kuku tengani."

Niliyafikisha yote. Fundi alinisikiliza kama watu wachache walivyonisikiliza tangu siku hiyo. Kisha akauliza, "Kikapu cha mviringo ama cha mraba?" Nikarudi mbio kuuliza. Cha mviringo.

Ramadhani ikaingia. Kila mama alipouliza, baba alikuwa na jibu: bado gurudumu, bado rangi, bado pazia halijashonwa. Na kila alasiri, wanawake walipokuwa jikoni wakitayarisha futari, mngurumo ulitoka upande wa banda. Ulidumu kitambo, kisha kimya. Nina picha ya mama ameuacha mwiko ndani ya sufuria, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa dirisha. Picha za utotoni siziamini sana. Huenda nyingine nimezichora baadaye. Lakini hii nimeijaribu kwa kila njia na haitoki.

"Hicho si chetu?" aliuliza siku moja.

"Kwani fundi ana mteja mmoja?" shangazi akamjibu. "Subiri, mwenzangu. Cha kwako hakitapita bila wapita njia kukuambia."

Katika kumi la mwisho la mwezi, mjomba alimtuma mtu asubuhi kuja kutuambia kuwa nyanya amefariki. Baba alikuwa forodhani. Mama hakumngoja. Aliingia jikoni akamwendea mpishi wetu, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa nyumba hiyohiyo na sasa akifanya kazi kwa ujira.

"Niazime buibui lako."

"Fupi kwako, bibi."

"Lilete."

Alinishika mkono tukatoka. Tulipita Ndia Kuu mchana kweupe, tukashika njia ya mashamba, jua likituwakia na yeye amefunga. Vifundo vya miguu yake vilionekana kila alipopiga hatua. Hakuna aliyegeuza shingo. Mwanamke mmoja mwenye sinia la samaki alitupisha, akasema, "Polepole, dada, mtoto amechoka." Aibu yote aliyoiogopa baba ilikuwa hiyo.

Tulipofika, jeneza lilikuwa limekwisha kutoka. Uani pale alipooshewa, udongo ulikuwa bado majimaji. Mama aliketi hapohapo, na buibui la mpishi likalowa.

Kisha ikaja Idi, na baba akaja na chombo mlangoni. Nimekwisha kusema yaliyotokea.

Hakupanda siku ile wala siku nyingine. Baba alikasirika, kisha akaona haya, kisha akalivua pazia akawa anampakia rafiki yake kwenda kunywa kahawa. Pale penye nafasi ya kikapu walitia fimbo zao. Mama alimrudishia mpishi buibui lake, akajishonea la kwake, refu, na mpaka leo anakwenda popote anapotaka bila kumwuliza mtu. Watu husema ni mwanamke aliyeingiwa na mambo ya kisasa. Yeye hajawahi kuwasahihisha.

Niliporudi kutoka Bombay nilikwenda bandani. Matololi yalikuwa yakipungua na motokaa zikiongezeka, na katika kila banda nililopita Mombasa nilimkuta fundi amemketisha mteja juu ya kasha, akimwuliza anakwenda wapi na nani. Wote walijifunza kwake. Hawajui hata kama kuna njia nyingine ya kuanza kazi. Yeye mwenyewe alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu, lakini alinitambua kwa sauti.

"Mtoto wa uzi," alisema. "Mamako alikipenda kiti?"

"Hakukikalia hata mara moja."

"Kikapu kingeingia," akasema. "Nilijaribu na cha mke wangu."

"Tatizo si kikapu. Kilichelewa."

"Hakikuchelewa."

Nilimwuliza maana yake, naye akanieleza, bila haraka, kama anayeeleza kazi ya springi. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Chombo kilikuwa cha babako, mwanangu. Mimi fundi." Akatafuta tambara lake kwa kupapasa, akafuta mikono ambayo haikuwa na mafuta. "Nilikiwasha kila alasiri. Injini haikuhitaji. Nilidhani kwenu mtu atasikia."

"Alisikia," nikamwambia. "Na siku ya Idi akaujua mngurumo."

Mtu aliyeuliza kila mteja anakwenda wapi hakuthubutu kumwuliza baba kwa nini angoje. Hilo nalo nimerithi, nadhani: kuuliza kwa ukali mambo yote yasiyoweza kunigharimu. Nililala na hasira usiku ule, na sehemu yake ilikuwa ni juu yangu.

Alichonieleza ni hiki. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, chombo kilikuwa tayari bandani, pazia limetundikwa, mafuta yamejaa, kiti kimefuata mafundo ya uzi wangu. Baba alikuja akakiona, akasema kisitoke mpaka Idi, watu watakapokuwa barazani.